Mkeka wa Hitma ya Baba Mkwe

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, ila kwa kuwa Kikole nzima wanaisimulia, tena kwa kuitia chumvi, bora niiseme mwenyewe.

Nilikuwa na miezi saba kwenye ndoa na mama mkwe alikuwa bado ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Yeye mikeka yake inajulikana mpaka Miteja, kwa hiyo ilipokaribia hitma ya mwaka ya baba mkwe (Mungu amrehemu) nikajisemea, nitasuka mkeka wangu wakalie wazee, na huyu mama atanikubali, atake asitake. Ukili, yaani ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, niliusuka vizuri, sijisifu, kasheshe ikaja kwenye kuuunga uwe mkeka, maana uzi wa majani ya milala sharti uuloweke, uuchane, uusokote, na mimi nimebakiwa na siku moja, basi nikachomoa uzi wa nailoni kwenye salfeti la mchele nikashonea huo huo. Unateleza kama bamia, fundo la mwisho likagoma kushika, nikasema aah, nani atakagua fundo?

Siku yenyewe ukatandikwa mbele kabisa. Mama mkwe akaupapasa, akasema, "Mh. Umejitahidi." Nusura nilie kwa furaha.

Kisomo kikaisha, wali ukaliwa, shehe akainuka kwenda kunawa, kumbe ncha ya uzi imemnasa kidole gumba cha mguu naye hana habari, anatembea taratibu kuelekea kwenye ndoo, uzi unamfuata, na nyuma yake mkeka unaachia mshono mmoja baada ya mwingine. (Mimi niko mlangoni na sinia mkononi. Ningemwambia nini, shehe rudi?) Alipofika kwenye ndoo mkeka haukuwepo tena, kulikuwa na ukili mmoja mrefu unaozunguka chini ya wazee saba walioketi mchangani, wanatazamana kwa heshima.

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Ndiyo mitindo ya siku hizi?"

Nikaingia ndani kufungasha nguo nirudi kwetu Likawage, wala si utani. Mama mkwe akanifuata, akakaa kitandani, kajifunika kanga usoni, mabega yanamtetemeka, nikajua nimemliza siku ya hitma ya mumewe. Kumbe anacheka!

"Marehemu alikuwa hapendi wageni wa kukaa sana," akasema, anajifuta machozi. "Leo kawainua mwenyewe. Hebu rudisha hizo nguo, mwanangu, ukaloweke milala."

Tuliuunga upya siku nne, na kila mshono wangu aliufumua bila kuniuliza, nami nikawa naushona tena kwa furaha.

Siku hizi uzi wa salfeti nikiuona nauchoma moto. Na shehe akija kwetu, anapewa kiti.