Mbele, Aliyekaa Nyuma ya Ukumbi

Jina la Mbele hakupewa na wazazi wake. Alipewa na walinzi wa milangoni, enzi zile alipokuwa fundi kijana kwenye mashine ya kusaga unga, kwa sababu kila ilipopiga bendi aliyoipenda walimkuta pale pale, kifua kimegusa jukwaa, macho hayapepesi. Wakamwita Mstari wa Mbele. Jina refu huchosha ulimi, likakatwa, likabaki Mbele. Sasa ana miaka arobaini na sita, mvi zimeanza kupiga hodi, na jina bado limemganda, ingawa ni mwaka wa tisa huu hajakanyaga huko mbele kwenyewe.

Ukitaka kumpata, zunguka ukumbi, pita vyoo, pita rundo la viti vilivyovunjika, utaona kibanda cha matofali chenye mlango wa bati. Humo mna jenereta, ndoo ya mchanga, stuli, mita moja ukutani, na Mbele. Dirisha lipo, dogo, juu kabisa, na linatazama ukuta wa jirani.

Namna alivyoingia humo ni kisa cha mtu kujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Mbele aliipenda bendi moja, na ndani ya bendi hiyo alimpenda mtu mmoja, mpiga gitaa la solo aliyeitwa na wote Mzee Nyuzi. Onyesho la kwanza alikwenda na suruali ya kaka yake, aliyoiazima bila kuomba, akarudi na kiatu kimoja. Alichapwa. Wiki iliyofuata akaenda tena, safari hii na ndala. Kisha ikaja ile Jumapili ya mvua. Paa la jukwaa likavuja, mafundi wakazima kila kitu kwa kuogopa shoti, watu wakaondoka wakinung'unika, wakabaki watano. Mzee Nyuzi akavuta kiti hadi ukingoni, akapiga gitaa kavu kavu, bila umeme, wimbo wao wa kufungia onyesho, wote, ule wenye solo inayopanda na kupanda mpaka unadhani haitarudi chini, halafu inashuka taratibu. Mbele alikuwa karibu kiasi cha kuona jasho likidondoka kwenye mbao. Siku hiyo alifika nyumbani hakula. Hata leo ukimuuliza siku njema kuliko zote maishani mwake, ataitaja hiyo kabla hajakumbuka kwamba mkewe yumo chumbani anasikia.

Mkewe ni fundi cherehani, na muziki hana habari nao. Walipokuwa wachumba, Mbele alimpeleka kwenye onyesho, naye akalala fofofo begani kwake, hatua tatu kutoka kwenye spika.

"Nilikuwa nimeshona sare thelathini siku hiyo," hujitetea mpaka leo.

Mbele alimwoa hivyo hivyo. Wahenga walisema mapenzi ni upofu, uziwi hawakuutaja.

Basi miaka tisa iliyopita, katikati ya wimbo, umeme ukakatika. Jenereta ya ukumbi ikawashwa, lakini kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini kilikuwa kimekufa. Taa zikawa zinawaka mpaka kuumiza macho, kisha zinafifia mpaka giza, na gitaa likawa linalia kama mbuzi. Mbele hakuvumilia. Alitoka mstari wa mbele mbio, akaenda nyuma, akakata kipande cha waya wa uzio, akakifunga kwenye mkono wa mafuta wa ile injini, ule unaoongeza na kupunguza mwendo, na akawa anavuta na kulegeza kwa kidole, jicho kwenye mita. Mashine za unga zilikuwa zimemfundisha. Taa zikatulia. Ndani watu walipiga makofi, yeye hakuyasikia.

Kesho yake meneja wa ukumbi alimpa kazi. Mbele aliacha mashine ya unga siku hiyo hiyo, akidhani amepata kuingia bure maisha yake yote. Hakuuliza atakaa wapi. Mtu mwenye furaha haulizi maswali ya maana.

Alikaa kibandani. Bendi ikipiga, yeye hatoki, maana umeme ukikatika ana dakika moja tu ya kuwasha. Umeme ukiwepo, anasikia dum, dum ya besi ukutani, basi. Umeme ukikatika hasikii hata hiyo, kwa sababu injini inanguruma puani mwake. Alibakiwa na waya. Ngoma ikigonga, injini huguna na waya humvuta kidole. Vyombo vikipungua ili solo ipite, waya hulegea. Alizijua nyimbo zote kwa kidole cha shahada. Wakati mwingine alipiga kelele peke yake mle ndani, "Sasa anapanda!"

"Meneja, kile kifaa cha injini," alikuwa akikumbusha.

"Mwezi ujao, Mbele. Kwani shida nini? Wewe si upo?"

Mwezi ujao huo sasa una miaka tisa. Mara moja mlinzi wa geti alishika waya ili Mbele akachungulie, na kabla hajafika vyooni spika mbili zilikuwa zimeungua. Tangu hapo meneja alikataza mtu mwingine kuugusa. Na tuseme kweli, Mbele alimcheka yule mlinzi wiki nzima. Kuna raha yake kuwa mtu asiyeweza kukosekana, mpaka siku unapotaka kuondoka.

Siku hiyo ikafika. Likabandikwa tangazo ukutani: Mzee Nyuzi anastaafu, vidole vimekakamaa, Jumapili alasiri atapiga mara ya mwisho. Mbele alilisoma akarudi nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu.

"Nataka kumwona akipiga ule wimbo," alimwambia mkewe. "Mara moja tu. Nimekaa naye ukuta mmoja miaka tisa, mke wangu. Sijui hata kama bado ana ndevu."

Mkewe alisimamisha cherehani. "Hiyo kazi ya waya hasa ni nini?"

"Mshale wa mita ukishuka unavuta. Ukipanda unalegeza. Usitoke kwenye alama."

"Kumbe ni cherehani."

"Siyo cherehani."

"Kwenye kona mguu polepole, kwenye mstari mguu haraka, na nguo ya mteja isiharibike. Miaka ishirini hiyo. Jumapili nitakushikia."

"Meneja akijua?"

"Meneja huyo mara ya mwisho kuja nyuma huko ni lini?"

Jumamosi, ukumbi ukiwa mtupu, Mbele aliwasha injini akamfundisha, yeye mwenyewe akawa anawasha na kuzima taa kumsumbua. Ilichukua nusu saa. Baada ya nusu saa mshale ulikuwa umetulia kwenye alama, na mkewe anamuuliza habari za mboga za jioni. Mbele alifurahi, na chini ya furaha kitu kikamchoma. Ujuzi wake wa miaka tisa ulikuwa umeshikwa kwa nusu saa. Angeweza kuwa huko mbele siku zote hizi, kama tu angekubali kwamba mtu mwingine anaweza.

Jumapili alivaa shati jeupe alilopigiwa pasi. Umeme ulikatika wimbo wa tatu, kama kawaida yake. Akawasha injini, mkewe akakaa kwenye stuli na waya mkononi, akamfukuza kwa kidevu: nenda.

"Mbele," mlinzi wa mlangoni alimwambia, "leo umerudi kwenu."

Watu walimpisha mpaka jukwaani. Mzee Nyuzi alikuwa amekaa kwenye kiti, amekonda, ndevu zipo, nyeupe zote. Mbele akaegemeza kifua jukwaani. Wimbo ukaanza, ukaisha, ukaja mwingine. Katikati ya huo wa pili aligundua jambo lililomtia hofu: hakuwa amesikia hata nota moja. Alikuwa anaitazama balbu iliyo juu ya kichwa cha Mzee Nyuzi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinavuta pindo la shati.

Sikiliza, mjinga wewe, alijiambia. Akafumba macho. Kwa macho yaliyofumbwa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa anasubiri giza.

Kisha ukaja ule wimbo. Vyombo vikapungua, Mzee Nyuzi akainama juu ya gitaa, solo ikaanza kupanda. Balbu ikapepesa. Mara moja, kidogo mno, hakuna mwingine aliyeona. Mbele alishtukia ametoka ukumbini, amepita vyoo, amepita viti vilivyovunjika, anasukuma mlango wa bati.

Mkewe alikuwa ametulia kwenye stuli. Mshale ulikuwa kwenye alama.

"Nimebadilisha mkono tu!" alimpigia kelele akishindana na injini. "Rudi, wimbo bado unapigwa!"

Toka pale hadi jukwaani ni kama hatua sitini. Mbele alisimama mlangoni, akageukia ukumbi, akaishia hapo. Alijua kwamba hata akirudi ataitazama balbu. Akanyoosha mkono, akauchukua waya.

"Nenda wewe!"

"Mimi? Mimi na muziki wapi na wapi!"

"Nenda ukanisikilizie!"

Mkewe akafuta mikono kwenye kanga, akaenda. Mbele alikaa. Waya ulikuwa umelegea kidoleni, maana yake solo inaendelea, inapanda. Alilia, machozi yakimfika kidevuni, na hakuyafuta kwa kuwa mkono ulikuwa na kazi. Halafu ngoma zikarudi, waya ukavuta, naye akavuta.

Onyesho lilipokwisha, aliyetangulia kuingia alikuwa meneja.

"Leo taa zilikuwa safi kuliko siku zote," alisema, akampiga bega. "Unaona sasa? Kifaa cha nini, Mbele, na wewe upo?"

Akaenda zake. Mkewe akaja baada yake, akakaa juu ya ndoo ya mchanga. Injini ilikuwa imezimwa na masikio ya Mbele yalikuwa yanavuma.

"Ilikuwaje?"

"Watu walilia. Mwishoni mzee alisimama, wakamshika mikono."

"Na ile solo? Ilishukaje?"

Mkewe alifikiri. Ni mwanamke asiyejua kudanganya, na siku hiyo alitamani angejua.

"Mume wangu, nisikuongopee. Solo sikuisikia, nilikuwa naangalia taa," alisema. "Hazikucheza hata kidogo."

Mbele aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akauzungusha waya, akautundika kwenye msumari wake.