Hodi ya Tatu

Enzi zetu, mtoto asojua kucheza mdako kwa kokwa za tende hakuwa mtoto wa Ibra, mji wetu huu wa bara, mbali na Maskati. Tulikaa ukingoni mwa falaji, ule mfereji unaoleta maji mashambani, miguu ndani, tende mdomoni, mkononi kipande cha papa mkavu kutoka pwani ya Sur, harufu yake hadi mtaa wa pili. Wajukuu zangu leo wakimnusa papa hufungua madirisha. Haya, tuyawache hayo.

Alonikumbusha ni mjukuu wangu Salim. Juzi alikuwa na kitabu chake cha skuli, akanambia, "Bibi, Urusi kulikuwa na wakulima wakiuzwa pamoja na shamba, kama miti. Mfalme wao akawaacha huru, lakini ardhi wakaambiwa wailipie." Nikacheka. Miye chuoni sikuvuka juzuu amma, lakini hayo nayajua. Baba yangu alikuwa kama wao, hapa hapa.

Baba alizaliwa katika shamba la Bwana, mzee alokaa Unguja miaka mingi akarudi na Kiswahili chake. Mitende ya Bwana, maji ya Bwana, na sisi wa Bwana. Mstaarabu, sikatai: kila nyumba ya mtaani alipiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Kwetu tu ndo hakupiga. Aliusukuma mlango kwa bakora, Mama yuko jikoni kichwa wazi, anaivuta kanga mbio.

Basi amri ikatoka Maskati kwamba hapana tena mtu kumilikiwa na mtu. Mama akapiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Baba akachukua jembe.

"Wenda wapi?"

"Zamu ya maji imefika. Yatamwagika."

"Yamwagike! Yako?"

Akenda. Aliporudi, matope hadi magotini, Mama kamgeuzia mgongo. Baba akasema, "Nimemwambia Bwana, leo nimekuja kwa hiari yangu. Sirudi tena mpaka mitende yetu miwili ya uwani ipate zamu yake ya maji, iwe yetu daima. Huru bila maji ntakula nini, Mama Zuwena? Vigelegele vyako?"

"Naye kasemaje?"

"Kasema ntarudi tu, sina pa kwenda."

Na kweli hatukuwa napo. Tukala tende mpaka tukafika chini ya chungu, zile zilogandana kama lami. Baba anakaa mlangoni, mikono hajui pa kuiweka. Zamu ya maji ikazunguka tena. Sisi watoto tukapanda ukutani, tukamwona Bwana mwenyewe, kanzu kaifunga kiunoni, anapigana na jiwe na matambara ya kuzibia mfereji. Maji yote yakenda kwa jirani. Tulicheka hata Mama akatushusha kwa kofi. "Mzee wa watu hachekwi!"

Alasiri ile tukasikia mlangoni, "Hodi."

Baba kainuka nusu, kamtazama Mama.

"Hodi wenyewe."

Mama akaichukua kanga yake, akajitanda taratibu, akaulaza ushungi upande huu, akaulaza upande ule. Wallahi nilidhani hatomaliza. Na sote twajua, hodi ya tatu isipoitikiwa mgeni huondoka, na maji yetu yangeondoka naye.

"Hodi."

"Karibu," Mama akasema. "Karibu ndani."

Bwana akavua viatu, akakaa jamvini petu, akanywa kahawa yetu. Zamu tukapewa, ndogo, muda wa kivuli cha kijiti kusogea upana wa kiganja. Mitende miwili ikanywa, nasi tukala. Alhamdulillahi, mpaka leo nakula tende zake, na kila kokwa namwombea Baba, na Mama zaidi.

Siku hizi Salim hupiga honi getini, au huniletea sauti kwa simu: "Bibi, fungua!" Hodi haijui. Namgombeza, kisha namshukuru Mungu, maana mlango wake haujapata kusukumwa kwa bakora. Lakini miye, nikenda chumbani kwake, husimama nje nikapiga hodi. Naye kaziba masikio kwa vile vidude vyake vya muziki. Hodi zangu tatu zikisha, hurudi zangu uwani, kwenye mitende yetu.