Mlango Wangu na Mafuta ya Mawese

Mi nilisoma miaka mitatu tu, na ule wa tatu sikuumaliza. Lakini garaji niliijenga peke yangu, tofali kwa tofali, na katika safu yetu yote ya nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya shaba kule Kapata, Kolwezi, hapakuwa na nyingine. Motokari sikuwa nayo. Watu walinicheka, wakaniita Tata, yaani Baba: "Tata Garaji, motokari iko wapi?" Nikawajibu kwamba itakuja, na siku ikija haitalala nje.

Haikuja. Kampuni ilianguka kwanza.

Mlango ndio nilijivunia kupita yote. Ulikuwa bati moja nene la chuma, unapanda wima kati ya reli mbili ndefu zilizotokeza juu ya paa kama pembe za mbuzi. Kamba za chuma zilipita juu ya magurudumu na kushuka upande wa ndani, kila moja imebeba ndoo. Ndani ya ndoo nilijaza mipira ya chuma, ile ya kusagia mawe ya shaba, iliyochakaa ikatupwa. Uzito wa ndoo ulivuta mlango. Ukitia mkono mmoja tu, unapanda wenyewe. Hakuna injinia aliyenichorea.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa kalani, mwandishi wa ofisi ya kampuni, mtu wa asili ya jimbo la Kasai. Baba yake aliletwa huku kuchimba, yeye akazaliwa hapahapa Kolwezi, na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona kwa macho. Mke wake alikuwa mshonaji. Nguo ya ndoa ya binti yangu mkubwa ilitoka kwenye masini yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na miguu ya chuma.

Kampuni ilipoanza kufa, grisi ndiyo ilikufa mbele. Sokoni hakuna, karakana hakuna. Mi nikachukua mafuta ya mawese jikoni nikayapaka kwenye reli. Yanateleza, sivyo? Kalani aliniona akasimama.

"Tata, ile si ni ya kula? Ungelomba fundi mwenzako grisi, hata kidogo."

"We shika kalamu yako," nilimwambia. "Chuma uniachie mi."

Akacheka, akaenda zake.

Msimu wa baridi ulipoingia, mlango ukaanza kukwama asubuhi. Unapanda kimo cha ndoo moja, unasimama. Mchana, jua likishapiga bati, unapanda vizuri. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu mawili na sikulifikiria. Nilisema uzito haujatosha, nikaongeza mipira kwenye ndoo. Nilisema reli imepinda, nikaipiga nyundo. Na kila siku ya Mungu, Jumapili nikitoka misa, niliongeza mafuta mengine juu ya yale ya zamani, na vumbi la barabara ya machimbo likaja kukaa juu yake. Fundi wa chuma miaka ishirini! Naandika hivi kwa sababu makosa ni yangu, si ya mtu mwingine.

Ndipo wakati wa kufukuzana ukafika. Mnaukumbuka. Vijana walipita wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na nyumba zikavunjwa milango mchana kweupe. Jirani yangu aliamua kuondoka kabla yake haijavunjwa. Juma zima mke wake na mke wangu walihamisha vitu kupitia tundu la uzio, sahani ndani ya beseni na nguo chafu juu yake. Masini ya kushona niliibeba mwenyewe mgongoni, na kitanda na kabati tukavipitisha vipande vipande. Vyote vikaingia garaji kwangu, na mi nikafunga.

Asubuhi ya safari kaminyo, lori la misioni, ilikuja kuchukua familia kuzipeleka stesheni, kungoja treni ya Tenke na Lubudi na mbele zaidi. Dereva alisema hatangoja mtu. Sanduku mbili za nguo zilikuwa zimekwisha kupanda. Ilibaki masini. Huko walikokwenda hawakuwa na nyumba, wala shamba, wala mtu wa kuwapokea. Walikuwa na masini ile tu.

Nikavuta mlango. Ukapanda kimo cha ndoo. Ukasimama.

Nikaingiza chuma kirefu chini yake, nikakandamiza mpaka mgongo ukalia. Kalani akavua koti akasukuma. Hakuna. Pale chini hata bata angeinama kupita. Tulijaribu kuilaza masini na kuivuta kwa miguu yake, meza ikagonga bati.

Dereva akapiga honi. Kwenye bomba la maji vijana wanne walikuwa wamesimama wakitutazama. Mmoja akaita: "Tata Garaji! Unafichia nani bitu?"

"Nafungula mulango yangu!" nikapiga kelele. "Kama uko na nguvu, kuya usukume. Kama hauna, nyamaza!"

Hakuja. Nikainua nyundo ili nivunje reli na yote.

Mke wa kalani akanishika kiwiko. Alikuwa ametoka kupika uji wa watoto kunywa njiani. Akapitisha kidole kwenye reli, akakitazama, akakinusa.

"Tata, hii mulango uliipikia mboga?"

Akanionyesha kidole, chekundu kwa mafuta.

"Mafuta hii, asubuhi ya baridi, hata mu chupa inakatala kutoka. We unataka itembee mu chuma?"

Kalani aliangalia pembeni. Na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Mama yule akabeba mbabula yake, jiko la makaa yaliyokuwa bado mekundu, akaisimamisha chini ya reli ya kushoto. Mke wangu akaleta ya kwetu, akaiweka kulia, halafu birika la maji ya moto akalimwaga taratibu kutoka juu. Tukangoja. Honi tena. Halafu mafuta yakaanza kushuka, mekundu na vumbi lake, na harufu ya chakula ikajaa lupango, uwanja wetu wote.

"Sasa vuta," akasema mke wa kalani.

Nilikuwa nimesahau ile mipira niliyoongeza. Mlango uliruka juu kama risasi, ukagonga mwisho wa reli, safu nzima ikasikia. Wale vijana kwenye bomba waliruka nyuma, halafu mmoja akashikwa na kicheko, na wenzake nao. Kabla hawajamaliza kucheka, masini ilikuwa juu ya kaminyo.

Mama yule alifungua kidroo cha masini palepale juu, akatoa kichupa cha mafuta ya masini, yale meupe, akanitupia.

"Ya kula uache mu jiko, Tata. Na kitanda yangu unichungie."

Kaminyo ikaondoka.

Kesho yake nilisugua reli kwa mchanga, majivu na mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Nilipunguza mipira. Nikatia mafuta ya kichupa, matone matatu kila upande, si zaidi. Kila asubuhi nilifungua mlango wazi kabisa, watu waone kitanda na kabati ya jirani yangu vimesimama mahali pake. Nilisikia maneno ya watu. Hakuna aliyegusa.

Miaka ilipita. Wa kwanza kurudi alikuwa mama yule, peke yake, kuja kutazama kama pana maisha. Hakuniamkia hata. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango, asubuhi, katika baridi ya mwezi wa sita, akatia mkono mmoja.

Ukapanda.

"Eh," akasema. "Unajua kusikia, basi."

Mwezi uliofuata kalani alishuka na watoto na masini. Nyumba yao ilikuwa na watu wengine, wakapanga mtaa wa pili, lakini masini ilirudi garaji kwangu, na humo mama yule anashona mpaka leo. Motokari sikununua kamwe. Asubuhi nikiwa bado kitandani nasikia mlango unapanda, halafu kanyagio linaanza, na najua saa ya kuamka imefika.