Nilipolala Ngezi Kwa Mpinzani Wangu

Enzi zetu, msichana wa Aveba aliyekwenda Bunia kwa siku mbili alirudi na hadithi za mwaka mzima, na ole wako usiyetaka kuzisikiliza. Mimi nilikwenda nikiwa na miaka kumi na miwili, juu ya kamio lililobeba magunia ya mihogo. Tulikuwa wasichana tisa na mwalimu wetu, tukaimba mpaka sauti zikakauka kabla hata ya kuuona mji. Tulikuwa tunakwenda kucheza nzango. Wasichana wa leo wanaoruka mbele ya simu na kudhani wamevumbua kuruka, wawaulize mama zao.

Kwa asiyeijua: timu mbili zinatazamana, wachezaji wawili wanaingia katikati, wanaruka kwa makofi na wimbo, halafu kila mmoja anatoa mguu ghafla. Siku ile miguu ikikutana, pointi ilikuwa yetu; ikipishana, ilikuwa ya Bunia. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kujua mwenzangu atatoa mguu gani. Aveba ilikuwa haijawahi kuishinda Bunia hata mara moja, na mwalimu alikuwa ameniweka mimi nicheze wa mwisho.

Zamani hizo timu ngeni haikulala hotelini. Kila mgeni aligawiwa nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ya yule utakayecheza naye. Mimi nikapewa Furaha, mtaa wa Ngezi, msichana mwembamba mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Mama alikuwa ameniambia nikiondoka, "Kwa watu usikatae kula, lakini usikule kama vile kwetu hakunaka chakula." Agizo la pili lilinishinda jioni ya kwanza. Mama Furaha alikuwa mtu wa Mahagi, wa kando ya ziwa, na samaki aliyempika kwa nyanya na mawese, pamoja na bugali ya muhogo iliyokuwa bado inatoa moshi, sijapata kumla tena.

"Kula, mutoto wangu," alinisukumia sahani. "Kesho utamushinda Furaha na nguvu gani?"

Sote tulicheka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona jambo. Wakati bugali inasongwa, mimi na Furaha tulikuwa tumecheza uani, na kila alipotaka kutoa mguu wa kushoto aliuma mdomo kwanza. Kila mara. Nikala samaki wa mama yake nikiwa na siri hiyo kinywani, na roho iliniuma kidogo. Kidogo tu, maana samaki alikuwa mtamu.

Mechi ilipangwa Jumapili baada ya misa. Mapema asubuhi mwalimu alitutembeza mjini. Tuliona nyumba za zamani za Wabelgiji zenye baraza pana, na kanisa la wamisionari la matofali mekundu, ambalo mwalimu alisema babu zetu ndio waliobeba matofali yake kichwani. Tulipita tukiyagusa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidai tofali la babu yake, mpaka wawili wakagombana kwa ajili ya tofali moja. Kisha tukala mikate ya moto sokoni, ile ya mafuta, vidole vikang'aa misa nzima.

Kwenye mechi tulikwenda sawa mpaka zamu ya mwisho, mimi na Furaha. Mama Furaha alikuwa amesimama mbele ya watu wote, na kitenge chake kizuri. Tukaruka. Nikaona Furaha anauma mdomo. Ningeweza kujifanya sikuona, na kwa kweli wazo hilo lilinipitia, lakini Aveba nzima ilikuwa inanisubiri. Nikatoa mguu, miguu ikakutana, na wenzangu wakanibeba juu.

Shida ni kwamba mzigo wangu ulikuwa kwao. Ilinibidi nirudi katika nyumba ile niliyoishinda, na miguu iliyoruka vizuri sasa ilikuwa inaburuta. Mama Furaha alikuwa anafunga samaki wa njiani katika majani.

"Kumbe bugali yangu njo imetupiga leo," akasema, akanipa kifurushi.

Furaha alinisindikiza mpaka kwenye kamio akiwa amenuna, akanipandishia mzigo yeye mwenyewe. Gari lilipowaka ndipo akafungua mdomo. "Nilikuona vile ulikuwa unaniangalia. Mwaka kesho utalala kwa mungine. Kwetu ulisha kujifunza mingi."

Tukacheka mpaka dereva akapiga honi. Mwaka uliofuata alikuja yeye Aveba, nami nikadai alale kwetu.

Leo naishi Bunia na napita mbele ya kanisa lile bila kugeuza kichwa. Binti yangu naye anacheza nzango. Ana jezi, ana viatu, ana kocha mwenye filimbi. Wiki iliyopita walikwenda Mambasa, wakalala hotelini wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja na simu yake, wakashinda. Alirudi na picha mia, zote za uso wake. Nikamuuliza yule aliyecheza naye mwisho anaitwa nani.

"Iko numero sept, mama." Saba, ile ya mgongoni mwa jezi.

Nikampongeza, maana alishinda kweli. Lakini nilimhurumia.