Alibisha Hodi, Nikamwambia Picha Haijaiva

Jina langu silitoi. Mkilijua hamtanikaribisha tena chai, na mimi bila chai za watu ningekuwa mifupa mitupu. Lakini kosa nalitoa lote, halina wa kugawana naye. Nilikosea kwa uzembe, kisha nikakosea kwa woga, mchana uleule. Lile la woga ndilo linalonishtua usingizini mpaka leo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipofika Stockholm walitafuta shule, kazi, mchumba. Mimi nilitafuta kiti. Nilikipata kwa dada yangu, kitongoji cha Vårby gård, pale dirishani, kando ya bomba la joto. Asubuhi nilikuwa nasafisha ofisi, nikirudi nakalia kile kiti mpaka giza. "Kaka yangu huyu," dada aliwaambia wageni, "amevuka bahari na jangwa ili aje akae."

Basi, mtu wa ndani akipatwa na wazimu wa nje, muombeeni!

Wazimu wangu ulikuwa majani. Mnaoishi huku mnayajua. Mwezi wa kumi ukiingia, miti ya njia ya kuteremkia ziwani inageuka manjano, kisha nyekundu, unaweza kudhani kuna mtu kaipaka. Nyumbani watu walishachoka na picha za theluji. Kila aliyefika Ulaya alituma ileile: kasimama kwenye theluji, koti la kuazima, meno nje. Mimi nikajiapiza kwamba nitakuwa wa kwanza kutuma majani. Nikamwandikia mama: subiri, utaona miti iliyovaa khanga.

Pesa ya picha za rangi sikuwa nayo. Nikapata kamera kuukuu ya sanduku kwenye mnada wa vitu vikuukuu, na mzee aliyeniuzia alinitazama kwa huruma. Mkanda nikanunua wa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ndio rahisi.

Chekeni tu! Mtu anakwenda kupiga rangi za majani kwa mkanda usiojua rangi. Dada alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini nilikuwa na akili yangu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa kwa muda kwenye studio ya picha kule Tanga, nikimshikia fundi taa. Nilijifunza kusafisha picha kwa dawa. Na nilimwona fundi akipaka rangi picha za maharusi kwa pamba, mdomo mwekundu, gauni la buluu. Nikasema nami nitasafisha mwenyewe bafuni, halafu majani nitayapaka rangi za keki.

Na jamani, yote nitajidharau lakini hili sijidharau: zilikuwa zinapendeza! Unangoja mvua iishe, majani yang'ae. Unangoja jua lishuke, lipite katikati ya matawi. Halafu unaweka mtu pale, kwa sababu mti peke yake haumkumbuki mtu.

Mtu wangu alikuwa Pendo, binti wa pekee wa dada, miaka sita wakati ule. Unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiswidi, na mnaelewana kama kawaida. Nilimpiga picha akirusha majani juu, mikono hewani, misuko yake miwili ya nywele ikiruka. Nilijua hapohapo kwamba hiyo ndiyo ya mama.

Dada aliniwekea sharti moja. "Dawa zako zisivuke kizingiti cha bafu. Jikoni kwangu sitaki kuziona."

"Sawa, dada."

Sawa dada! Dawa ya picha inaharibika ikikaa kwenye joto. Bafuni kulikuwa na joto, chini ya sinki ya jikoni kulikuwa na baridi na giza. Na chupa zenyewe za kuwekea dawa dukani zilikuwa ghali. Nikachukua chupa tupu ya sharubati, ile nzito ya matunda wanayoiita saft, ambayo unatia kidogo halafu unajaza maji. Nikaiosha, nikamimina dawa, nikaisukuma nyuma ya ndoo. Karatasi yake yenye michoro ya matunda sikuibandua. Ya nini?

Nasi ndivyo tulivyolelewa. Mama aliweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, na asali kwenye chupa ya pombe ilhali nyumba nzima hakuna aliyekunywa. Kila mtoto alijua: chupa inanuswa kwanza. Mimi nilifundishwa kwa kofi moja, na kofi lile linanilinda hadi leo.

Pendo hakupata kofi hilo. Pendo kazaliwa huku, ambako kilichochorwa juu ya chupa ndicho kilichomo ndani.

Sikuliwaza hilo. Naapa, sikuliwaza!

Ilikuwa Jumamosi mchana. Dada yuko zamu, anahudumia wazee. Pendo yuko sebuleni na vikaragosi vyake. Mimi niko bafuni, nimefunga mlango, nimeziba upenyo wa chini kwa taulo, nimewasha balbu nyekundu. Karatasi ya picha ikionja mwanga mweupe imekufa. Nikaitumbukiza kwenye trei ya dawa, nikaanza kuitikisa taratibu.

Mlango ukagongwa.

"Mjomba! Nina kiu."

"Ngoja kidogo!"

"Lakini nina kiu sasa."

"Pendo, nikifungua inaharibika! Picha haijaiva. Ni wewe hii, unatokea!"

Na kweli alikuwa anatokea. Majani kwanza. Kisha mkono. Kisha ile misuko miwili. Mungu nisamehe, sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikitoka mikononi mwangu.

Akagonga tena. "Naweza kuchukua mwenyewe?"

"Chukua sharubati jikoni! Changanya na maji, usimwage!"

Mdomo huu! Sharubati ya kweli ilikuwa imekwisha asubuhi ileile. Nani aliimaliza? Mimi, na mkate. Mtoto akakosa kwenye friji, akainama kutafuta nyingine pale mama yake anapoweka akiba. Chini ya sinki.

Nilikuwa natazama sura yake inaanza kutoka kwenye karatasi niliposikia bilauri ikianguka. Halafu kikohozi. Si kikohozi cha mafua. Ni kama mtu anajaribu kutapika jina.

Nikaupiga mlango teke, nikatoka.

Alikuwa amesimama kando ya meza, ulimi nje, anaufuta kwa mkono wa sweta. Chupa iko mezani, imefunguliwa, matunda yake yananicheka. Machozi yanamtiririka.

"Samahani, Mjomba," akasema. "Nimemwaga."

Anaomba radhi yeye! Kwa sababu nilimwambia asimwage!

Wasomaji, hapa ndipo kosa langu la pili. Katika hofu ile, kabla sijamgusa mtoto, mkono wangu ulikwenda kwenye chupa. Niliifunga. Niliirudisha nyuma ya ndoo. Nilimwogopa dada yangu kuliko nilivyoogopa ile dawa. Mtoto ananitazama, mimi naficha chupa!

Kisha nikambeba, nikatoka na soksi, nikagonga kwa jirani. Mama Kizito ni Mganda, mtu mzima, kalea wanawe na wa wenzake.

"Banange! Mutoto ana nini?"

"Tumbo, mama. Sijui. Labda kitu alichokula."

"Alikula nini?"

"Sijui."

"Wewe si ndiye unashinda naye ndani kutwa kama kuku anayeatamia? Na hujui?"

"Sijui, mama."

Hakupoteza muda. Akamkalisha Pendo kwenye kiti, akatia chumvi kwenye bilauri ya maji, akakoroga. "Kunywa hii, bambi. Utatapika uchafu wote, utapona."

Nami nimesimama pale. Najiambia, atatapika, itatoka, dada hatajua. Nilijiambia hivyo kabisa!

Pendo akaitazama ile bilauri. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Hakuipokea. Akageuka kunitazama mimi, akaniuliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya mtu aliyekwaruzwa koo:

"Mjomba, na hii imeharibika?"

Ananiuliza mimi! Katika watu wote waliopo duniani, bado alikuwa ananiamini mimi!

"Usimpe!" nikapiga kelele. "Amekunywa dawa ya picha! Ilikuwa kwenye chupa ya sharubati, niliiweka mimi!"

Mama Kizito aliiweka bilauri chini. Alinitazama jinsi unavyotazama nyoka uliyemkuta kwenye kapu la nguo. Hakunitukana. Akanyanyua simu, akazungusha namba ya dharura, akazungumza Kiswidi cha haraka. Akaitikia, akaitikia, kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Wanasema asitapishwe! Maziwa, kidogo kidogo. Gari linakuja. Jina la dawa, upesi! Ina kitu gani ndani?"

Jina! Pakiti ya unga niliokorogea dawa ile niliitupa jana yake kwenye bomba la taka pale kwenye ngazi, linalomwaga pipani chini, dada asiione.

Mimi, ambaye siinuki hata kufunga dirisha, nilishuka ngazi zile sijui kwa miguu ya nani. Nikafungua chumba cha taka. Nikaingia kwenye pipa mpaka kiunoni. Nilipasua mifuko ya watu kwa kucha: mafuta ya kahawa, ngozi za samaki, nepi. Nilikuwa nalia kwa sauti, na katika kulia nilikuwa nasikiliza, nisije nikasikia Mama Kizito akilia huko juu. Maana huyo akilia, basi. Yamekwisha. Nitamwambia nini dada? Nitaishi wapi na uso huu?

Pakiti niliipata imeganda kwenye maganda ya mayai. Nilipanda nayo, nikaisoma herufi kwa herufi kwenye simu.

Hospitali walimkagua koo, wakamweka chini ya uangalizi. Daktari, mama wa makamo, alimuuliza Pendo alikunywaje. Mtoto akaeleza kwa fahari, ijapokuwa sauti ilikuwa ya kukwaruza: alitia kidogo chini, akajaza maji mpaka juu, kama Mama anavyotaka. Akanywa funda chache, akaona si tamu.

"Hayo maji yamemsaidia sana," daktari akaniambia. Kisha akauliza kama alitapishwa. Nikasema hapana. Akasema afadhali, kwa sababu dawa ile kurudi juu ingemuunguza koo mara ya pili.

Nilitoka nje ya chumba nikakaa sakafuni. Ile bilauri ya chumvi! Ilibaki kidogo tu. Angeinywa kama angenyimwa akili ya kuniuliza.

Dada alifika na sare yake ya kazi. Dada yangu akikasirika, jengo zima linajua. Siku hiyo aliingia kwanza kwa mwanawe, akakaa naye. Alipotoka alisimama mbele yangu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ananiambia alibisha hodi."

"Alibisha, dada."

"Na wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani."

"Haya."

Hiyo tu. Haya. Ningepewa kuchagua ningechagua matusi ya ukoo mzima.

Aliniagiza nikachukue nguo za mtoto. Nilikuta bafu kama nilivyoliacha, mlango wazi, taa ya ukumbini imeingia ndani. Nikaitazama trei. Picha ilikuwa bado imelala kwenye dawa, nyeusi tii, pembe hadi pembe. Hakuna majani, hakuna mikono, hakuna sura. Nilijua ni mwanga tu uliofanya vile, nimesomea hayo. Lakini nilipiga magoti pale sakafuni, nikaogopa kuigusa.

Pendo alirudi nyumbani, na koo likapona. Hilo namshukuru Mungu kila nikilala na kila nikiamka.

Mimi nilihama wiki hiyohiyo. "Tafuta kiti kingine," dada aliniambia, na hakuwa anatania. Sasa nimepanga chumba Fittja. Kiti kipo, joto hakuna. Dada hunialika sikukuu, kwa sababu yeye ni mtu mwema kuliko mimi. Ila hajaniacha na mtoto peke yangu tena, hata akienda tu kufua nguo kule chini. Humchukua. Mama huandika kuuliza, miti iliyovaa khanga iko wapi? Sijajibu.

Mwezi uliopita Pendo alisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Amerefuka. Nilijipendekeza kuwamiminia watoto sharubati. Wenzake wote walipokea wakagugumia. Yeye alipokea kwa mikono miwili, akasema, kwa Kiswahili, "Asante, Mjomba." Kisha akaiinua bilauri puani.

Akanusa. Polepole, kwa adabu, bila kutaka kuniumiza. Ndipo akanywa.

Dada aligeukia dirishani. Mimi niliendelea kumimina, nikamwaga mezani.

Kile ambacho ningemfundisha kwa neno moja, nilimfundisha kwa sumu.

Basi nawasihi, ninyi mnaohifadhi dawa ya mabomba kwenye chupa ya maziwa na sabuni kwenye kopo la asali, mkijisemea kila mtu humu ndani anajua. Hawajui! Watoto wetu wa huku wanaamini karatasi. Ibandueni leo, kabla hamjamaliza kusoma gazeti. Na likishatokea la kutokea, msifiche chupa. Sema, hata kama nyumba nzima itakuangukia.

Nje miti imeanza tena kuwa manjano. Naitazama kupitia dirisha, kamera sina. Majani hurudi kila mwaka, wenzangu. Mtoto akibisha hodi, fungua.