Viatu Mapajani

Karani wa masjala ya hospitali, ambaye wenzake walimwita Bi Popo kwa kupenda kwake visa vya kutisha, alikuwa na vitabu kumi na tisa ambavyo hakumwazima mtu. Vyote vilikuwa riwaya za mtunzi mmoja, sasa marehemu, aliyeandika kwa jina la kubuni: majumba makuukuu, milango iliyopigwa misumari, wajane wanaotembea usingizini. Vyote ni toleo la kwanza, na kila kimoja kina sahihi ya mtunzi kwa wino. Alivisaka miaka ishirini na miwili, minadani na kwa wauza vitabu chakavu. Kimoja alikipata kwa mjane aliyemzungusha mwaka mzima.

Mama yake, aliyeishi naye, hakujua kusoma. Alipoteguka mguu na kulazimika kukaa kitandani, redio nayo ikafa, alilalamika mpaka paka akahama chumba.

"Basi nikusomee," Bi Popo akasema Jumamosi asubuhi. Akanawa mikono, akaikausha, akachukua kitabu cha kwanza cha mtunzi yule, adimu kuliko vyote.

Alisoma kurasa kumi. Mama alikuwa ametoa macho darini. Akafika pale bibi harusi anaposukuma mlango wa chumba cha juu. Akatua kidogo, kunogesha.

"Atamkuta mumewe kakaa kitini," mama akasema, "viatu kavipakata kama mtoto."

Bi Popo akatazama ukurasa. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Mama, nani alikusomea hiki?"

"Anisomee nani, nawe hata vumbi lake hutaki niguse? Hicho kisa changu."

"Chako vipi?"

"Nimekitunga mwenyewe. Kabla sijaolewa si nilikuwa yaya? Mtoto niliyemlea alikuwa halali mpaka atishwe kidogo. Baba yake alikuwa akisimama mlangoni na kidaftari, anaandika. Mimi nikajua ananikagua kazi."

Bi Popo akageuza jalada la nyuma, kwenye picha. Mama akavaa miwani, akaisogeza picha mbali, akaivuta karibu.

"Ndiye huyo huyo! Kumbe alikuwa mwandishi? Mbona alituambia yuko kwenye bima?"

Kitabu kikamponyoka Bi Popo, kikaanguka kifudifudi. Hakukiokota. Alikwenda kabatini kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua, akarudi na vingine vimemjaa kifuani. Akasoma mwanzo wa cha pili, mama akammalizia. Cha tatu, vilevile. Cha nne, mama akacheka kabla ya mahali pa kuogofya.

Cha tano akakunja uso. "Hiki sikijui. Na kibaya."

Kilitoka mwaka mmoja baada ya mama kuolewa. Bi Popo akaketi sakafuni. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia wapenzi wenzake wa riwaya kwamba baada ya kitabu cha nne, bwana mkubwa alichoka.

"Amekuibia, mama! Nawaandikia wachapishaji leo hii."

"Waandikie. Waambie yule bibi harusi hakufa."

"Nini?"

"Huyo bwana kamuua mwishoni, sivyo?"

"Anajirusha dirishani."

"Ajirushe ana wazimu?" Mama alijiinua kwa viwiko, mguu mbovu kausahau. "Alivaa vile viatu, akatokea mlango wa mbele, mchana kweupe!"

Barua ikaenda. Jibu likarudi na mistari miwili: mtunzi hayupo tena, na ushahidi haupo. Bi Popo akalisoma masjala, katikati ya rafu za mafaili ya wagonjwa, na akalia pale pale, mpaka nesi aliyefuata faili akaondoka bila kuliuliza.

Hakununua tena kitabu cha mtunzi yule. Jumapili zikawa za mama: yeye anasimulia, binti anaandika kwenye daftari la mistari, kisha anamsomea alichokiandika.

"Hapo rudia," mama akamkatiza siku moja.

"'Giza zito lilitanda juu ya jumba...'"

"Mimi sijasema hivyo. Hapo umenitilia maneno ya yule bwana wako. Futa."

Bi Popo akafuta.