Mbawakawa wa Kichaka cha Senetwet

Kwa miaka miwili nilimjua mbawakawa mmoja bila kulijua jina lake. Alikuwa mdogo kama punje ya dengu, mgongo wa dhahabu, na juu yake duara jekundu lenye madoa meusi manne. Nilimpata mahali pamoja tu: kwenye kichaka cha senetwet kilichoota mwisho wa shamba langu la chai, karibu na kijito. Elimu ya wadudu sikufundishwa shuleni. Nilijifunza kwa lenzi ya mkono, vitabu vya kuazima na daftari. Jamii yake niliitambua. Jina lake hasa sikulijua, na nililitaka kuliko kitu kingine chochote wakati ule.

Nilituma picha za simu kwa mtaalamu mmoja Nairobi. Zilionyesha mng'aro tu. Alijibu kwamba wako kadhaa wanaofanana hivyo, na hutofautishwa kwa kumpasua dume na kutazama viungo vyake vya uzazi. Nimpelekee dume. Mimi siwezi kumtambua dume akiwa hai, nikaamua kungoja mvua, waongezeke, nikusanye wengi.

Mvua haijaanza, jirani yangu akaja. Alikuwa anamwoza binti yake. Kwetu kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya sherehe, husuguliwa ndani kwa mkaa wa senetwet kabla ya maziwa kumiminwa.

"Daktari wa wadudu," akasema, "nimekuja kuomba ule mti wako."

"Mama, ngoja mwezi mmoja tu."

"Niwaambie wakwe wangoje nini? Wadudu wazae?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango.

"Wako humo tu," nikasema. "Sijawaona kwingine."

"Si wako na mabawa? Watahama."

Mtu hanyimwi senetwet ya harusi. Ukimnyima, siku ndoa ikiyumba utatajwa wewe. Nikachukua panga mwenyewe ili nikague kila tawi. Vibuyu vilikuwa vingi, na hatukubakiza kitu juu ya kisiki.

Nilipata mbawakawa watano. Niliwatia kwenye chupa ya spiriti, kama vitabu vilivyoelekeza, na baada ya siku chache dhahabu ikawa imetoka. Walibaki na rangi moja tu, ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, hata madoa hayakuonekana. Baadaye nilisoma kwamba mng'aro ule hutokana na unyevu ndani ya gamba la mdudu aliye hai. Akifa, hukauka naye. Nilikuwa nimewachora kwa penseli, na rangi nilizieleza kwa maneno.

Niliwatuma hivyo hivyo. Jibu lilikuwa fupi na la adabu: wote watano ni majike.

Nimetafuta tangu hapo. Nimekagua senetwet za Chepseon, za Chepilat, na za kando ya reli Fort Ternan, jani kwa jani, juu na chini. Kisiki changu kilichipua. Kina vidukari na sisimizi.

Wale watano wako Nairobi, ndani ya sanduku, wameandikiwa jamii na namba. Mimi nina daftari. Nimeandika "nyekundu", lakini nyekundu ipi? Ukurasa mmoja unasema madoa manne, mwingine, wa wiki iliyotangulia, unasema sita. Nimezisoma kurasa hizo mara nyingi. Sina tena mbawakawa wa kumtazama nijue ni upi uliokosea.